Askofu na Farasi Dhidi ya Mzee Mdoe

Manundu, Korogwe
11 Machi 2024

Mzee Sufiani Mdoe,

Shikamoo sikupi. Nimeitafuta moyoni tangu tulipomzika baba na sijaiona, kwa hiyo nakuandikia bila hiyo.

Mimi ni Stefania, binti wa Castory wa Hale, yule fundi wa mitambo ya umeme uliyecheza naye chesi tangu mimi sijaota meno. Unanijua. Ndiye niliyekufuata na jogoo pale makaburini ukakataa kumpokea.

Utani naujua. Sisi Wanyamwezi tulioletwa na mkonge na ninyi Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kufanya vituko msibani. Akijilaza ndani ya kaburi tunacheka. Akinyakua jembe la kuchimbia tunamkomboa kwa kuku, analirudisha, tunaendelea kulia. Wewe ulinyakua sanduku la kete za baba, kete alizozichonga kwa mkono wake, ukasimama juu ya udongo mbichi ukapaza sauti kama uko mnadani unanadi ng'ombe: "Castory amekufa na askofu na farasi mkononi, na ameshindwa kumfunga mfalme wangu mtupu! Sare, jamani! Sare!" Watu wakacheka. Mama mdogo Rhoda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na jogoo ulimkataa, na sanduku ukaondoka nalo hadi Handeni.

Hayo ningeyameza. Kisichomezeka ni kile cha hospitali. Ulikuja wodini hapa Korogwe mkacheza kitandani kwake. Baba alikuwa amebakiwa na askofu na farasi, wewe una mfalme peke yake, mtupu kama alivyozaliwa. Baba akacheza, ikawa zamu yako. Ukasema unakwenda kufikiri kwanza, ukarudisha kete sandukuni, ukaaga. Hukurudi tena. Mimi nilipofika na uji nilimkuta baba anacheka peke yake. "Nimemshika Mdoe," akaniambia. "Mwambieni aje acheze." Kila asubuhi aliuliza kama umekuja. Manesi walilijua jina lako bila kukuona. Alikufa anautazama mlango, Mzee Mdoe, na wewe ulikuwa mzima wa afya, na magari ya Handeni yapo kutwa. Uliona umefungwa, ukaamua kumngoja mgonjwa afe ili usifungwe.

Sasa sikiliza. Mchezo haujaisha. Nakaa mimi kwenye kiti cha baba. Niandikie kete zilikuwa wapi, tuendelee kwa barua. Simu sitaki, kwa sababu simu za siku hizi zinacheza chesi kuliko binadamu, na sitaki kesho useme nilisaidiwa na mashine. Barua mpe dereva yeyote wa Korogwe, aiache kwa Emiliana muuza vitenge, duka linalopakana na langu la ushonaji.

Nikikufunga, utalileta sanduku Hale kwa mikono yako na kuwaambia wale wale uliowachekesha kwamba Castory alikuwa amekushinda. Ikifika miendo hamsini sijakufunga, kama sheria inavyosema, ni sare, na kete ni zako mpaka kiama.

Nakutakia afya njema. Nataka uwe mzima siku hiyo.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
20 Machi 2024

Binti wa mtani wangu,

Marahaba, hata kama hukuitoa. Mimi ni dalali, nimezoea kupokea kisichotolewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umenitumia wito wa mahakama. Hivi Castory alizaa mtoto au alizaa pilipili? Baba yako alikuwa mpole kama maji ya mtungi, wewe sijui umemrithi nani. Labda zile sindano za cherehani zimeingia kwenye damu.

Haya, nimekubali. Lakini ujue unachokitaka, usije ukalia. Kumfunga mfalme mtupu kwa malkia, hata mbuzi wa mnadani anaweza. Kwa ngome moja, mtu mwenye subira anaweza. Kwa farasi wawili huwezi, labda mwenzako awe amelala. Kwa askofu na farasi inawezekana, ila nimewaona wanaume wazima wakitokwa jasho mpaka wakaomba sare wenyewe. Askofu wa baba yako anatembea kwenye vyumba vyeupe tu, kwa hiyo mfalme wangu hafungwi ila kwenye pembe nyeupe. Na mimi nimejikunyata kwenye pembe nyeusi. Itabidi unitoe huku, unisukume ukutani kote mpaka kule, bila kuniachia upenyo hata wa panya. Baba yako alilitamani hilo maisha yake yote na hakuwahi kunifanyia.

Mpangilio ni huu: mfalme wenu f6, farasi e5, askofu e4. Mimi niko h8. Cheza wewe.

Utaniuliza mbona ni zamu yako wakati baba yako alikuwa ameshacheza. Ule mwendo wake wa mwisho sitautaja. Nakurudisha nyuma mwendo mmoja, kabla hajaucheza, uanze hapo kwa mkono wako. Hilo halina mjadala.

Kuhusu hospitali umeandika ulivyoona. Niite utakavyo.

Mtani wako,
Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
2 Aprili 2024

Mzee Mdoe,

Nilijua utaanza ujanja, ila sikujua utaanza mapema hivi. Mwendo wa mwisho wa baba unauficha! Marehemu hawezi kuja kuudai, kwa hiyo umeuzika naye. Ulikuwa unakuua, ndiyo maana. Kama ungekuwa mwendo wa kijinga ungeshautangaza mnadani na mbwa wa Handeni wangeujua.

Sawa. Sina shahidi, nitaanzia unapotaka wewe.

Umechukua kete zetu, basi nimechora ubao kwenye kipande cha boksi la nyuzi na ninacheza kwa vizibo vya soda. Wewe ni kizibo kilichopinda. Baba alinifundisha chesi kwa chaki kwenye baraza la nyumba za wafanyakazi pale Hale, na hili la askofu na farasi alinifundisha mwishoni kabisa, nilipokuwa kidato cha tatu. Alilijua kwa maneno. Mkononi lilikuwa linamponyoka, nakubali, alikuwa na haraka ya furaha. Mimi sina furaha yoyote, kwa hiyo haliniponyoki.

Farasi f7. Cheki.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
13 Aprili 2024

Binti Castory,

Idi imepita salama, tumekula pilau, na wewe ungekuwa karibu tungekuletea sahani ukaitemee mate.

Farasi f7. Ndiyo. Huo ndio mwendo wenyewe. Nimeutazama kwa muda mrefu kuliko unavyostahili.

Mfalme g8. Sina pengine.

Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
24 Mei 2024

Mzee Mdoe,

Mvua imekata barabara na barua yako imekaa kwa Emiliana siku kadhaa kabla hajanikumbusha. Usidhani nimechoka. Hii ya leo nimeisubiri kwa hamu.

Nilikupa askofu f5, umekwenda f8 kama nilivyotarajia. Askofu h7.

Umeliona? Kile chumba cha g8 ulichotarajia kukirudia ukibanwa nimekifunga. Pembe yako nyeusi, ile uliyojisifia, huioni tena. Kuanzia leo unatembea kuelekea ninakotaka mimi, na kila hatua utakuwa unajua unakwenda wapi. Nataka ujue. Baba naye alijua, kila alipoamka na kukuta kiti cha mgeni kitupu.

Juzi nilimwona mtu wa Magoma aliyekuwa msibani. Akanitania, "Stefania, sare ya mzee wako imefikia wapi?" Nikamwambia akae mkao wa kula, ataalikwa.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
27 Julai 2024

Binti Castory,

Lete ngoma, lete vigelegele! Mfalme wangu yuko c7. Ulimsukuma ukutani, e8, d8, ukajiona umeshika usukani, na sasa ametoka ukutani anatembea uwanjani na mikono mfukoni. Hapa ndipo baba yako alipokuwa ananipoteza kila mara. Alikuwa anashika kichwa na kusema, "Mdoe, wewe ni nyoka," na mimi namwagiza soda anipoze koo.

Zamda, mke wangu, amenisikia nacheka peke yangu barazani akadhani nimeingiwa na shetani. Nikamwambia nimemtoroka Mnyamwezi.

Nikwambie kitu, Stefania. Tunaweza kuishia hapa. Tukaita sare, wewe ukaja Handeni siku ya mnada, ukala nyama choma kwa gharama yangu, ukanitukana uso kwa uso mpaka ukatosheka. Hakuna atakayekucheka. Fikiria.

Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
5 Agosti 2024

Mzee Mdoe,

Farasi d7.

Tazama tena. Umetoka ukutani, hujatoka zizini. Ukienda b7 askofu anakuja d3, na kila utakakochungulia utamkuta mmoja wetu amekutangulia. Kwa baba ulikuwa unapona hapa kwa sababu hakuwa na subira ya kumpanga farasi kwanza, anakimbilia kukupiga cheki. Cheki mimi sizihitaji sasa hivi. Nazitunza.

Nyama yako kula mwenyewe. Unaniita nije nitosheke! Nitatosheka siku umesimama Hale na sanduku kichwani, na mama mdogo Rhoda yuko mbele, na hakuna anayecheka.

Na neno sare usiniandikie tena. Kila ukiliandika namwona baba anageuza shingo kuelekea mlangoni.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
30 Oktoba 2024

Binti Castory,

Samahani kwa kuchelewa. Si ujanja. Sukari imenipanda na mguu una kidonda ambacho hakisikii dawa. Mnadani siendi, amekamata kazi mdogo wangu Zaidi, naye anauza ng'ombe kama anayegawa sadaka.

Mfalme d8. Umenirudisha ukutani na sioni tena pa kutokea. Nakiri, sijawahi kuona mtu akiifanya kazi hii namna hii. Unacheza polepole kama unayetarizi. Castory angekuona angevunja kiti kwa furaha.

Kete zake nazipangusa kila Ijumaa. Nimekuandikia hilo ili ujue zinatunzwa.

Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
8 Novemba 2024

Mzee Mdoe,

Usimtaje Castory na furaha kwenye mstari mmoja. Wewe ndiye uliyemnyima.

Pole kwa mguu. Nimeandika pole kwa kuwa nimelelewa, si kwa kuwa ninayo.

Mfalme d6.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
17 Januari 2025

Stefania,

Uliniandikia askofu b7, cheki. Nimesogea a7, ndicho chumba pekee kilichobaki duniani.

Naona unachokiona. Farasi wako yuko e7. Akiruka c6 kwisha habari yangu, chekimeti, kwa askofu na farasi, jambo nililosema linawatoa jasho wanaume wazima. Nimeshamwambia Zamda aniandalie kanzu ya safari. Mguu ukiniruhusu nitakuja Hale mwenyewe, usiponiruhusu nitabebwa. Sanduku nimelifunga kwa kitambaa.

Maliza, mwanangu. Umeshinda. Niandikie hilo neno nilisome kwa macho yangu.

Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
3 Februari 2025

Mzee Mdoe,

Barua yako nimeipata, na nimeipenda kuliko zote.

Mwendo wangu ninao. Wewe unaujua, mimi naujua. Siutumi.

Ni zamu yangu, si ndiyo? Nakwenda kufikiri kwanza. Nitafikiri wiki hii, nitafikiri mwezi ujao, na Kwaresima ikija nitafikiri nikiwa nimefunga. Wewe kaa na ubao mbele yako. Kila gari la Korogwe likisimama hapo Chanika inua shingo uulize kama Stefania amecheza. Utaambiwa bado. Kesho uliza tena.

Mwaka mzima ulidhani nataka kukufunga? Kukufunga ni kukupumzisha. Nilikuwa nataka kukufikisha hapa, kwenye kitanda cha baba, ukiutazama mlango kama yeye.

Stefania Castory


Chanika, Handeni
14 Aprili 2025

Mwanangu Stefania,

Mimi ni Zamda, mama wa nyumba hii. Mume wangu hajui nimeandika.

Sijui chesi na sitaki kuijua. Ninachojua ni kwamba mzee hali vizuri. Ubao ameuweka juu ya stuli mbele yake, hataki usogezwe hata nikifagia. Magari yakipita anamtuma mtu. Mtu akirudi mikono mitupu anasema, "Ana haki," basi, hasemi kingine. Wiki iliyopita hospitali wamemkata vidole viwili vya mguu, na alipozinduka neno la kwanza aliuliza barua.

Kama alikukosea, na najua alikukosea kwa sababu msiba haukustahili fujo ile, mimi nakuombea msamaha kwa niaba yake. Mimi ni mama, nimekupigia magoti kwenye karatasi. Mpe mzee hicho anachokingoja, hata kiwe kibaya, akipokee apumue.

Mama Zamda


Manundu, Korogwe
22 Aprili 2025

Shikamoo Mama Zamda,

Pole sana kwa kuuguza. Wewe hukunikosea kitu, na magoti yako yameniumiza, nakwambia kweli.

Lakini mume wako mwenyewe amekwambia nina haki. Baba yangu naye alikuwa hali vizuri. Baba yangu naye aliuliza kila alipozinduka, na mimi ndiye niliyekuwa namjibu, "Bado, baba, atakuja." Hakuna aliyeniandikia barua kunipigia magoti.

Sitatuma. Nisamehe wewe, mama. Yeye aendelee kungoja.

Mwanao,
Stefania


Chanika, Handeni
1 Mei 2025

Stefania binti Castory,

Nimeiona barua uliyomwandikia mke wangu. Alikuwa anailia jikoni nikamnyang'anya. Mimi nilikuwa tayari kungoja mpaka nife, nilisema una haki. Lakini umemliza Zamda, aliyekupigia magoti na hajui hata farasi anakwendaje. Kwa hiyo sasa sikiliza wewe.

Unataka kujua kwa nini sikucheza zamu yangu pale wodini? Sikuwa na mwendo. Sisemi mwendo mzuri, nasema mwendo wowote.

Panga vizibo vyako kama nilivyokuandikia mwanzo: mfalme wenu f6, farasi e5, askofu e4, mimi h8. Wewe ulirusha farasi f7 ukanipiga cheki, na huo ndio mwendo wenyewe, nilikwambia. Baba yako hakurusha farasi. Baba yako alisogeza mfalme, akamweka f7. Haya, nitafutie njia. Nikienda g8 au g7, mfalme wake yupo. Nikienda h7, askofu wake yupo. Na hapo nilipo sijapigwa cheki. Zamu ni yangu, mfalme wangu hajaguswa na hana pa kukanyaga. Wewe unajua chesi, niambie sheria inaitaje.

Inaita sare. Baba yako alikuwa na ushindi kitandani akaumwaga kwa mkono wake mwenyewe, na mchezo ukaishia pale pale.

Akainua uso akaniangalia. Umemwona mwenyewe alivyokonda siku zile, meno yalikuwa makubwa kuliko mashavu. Alikuwa anacheka. Alikuwa anaamini amenishika kwa askofu na farasi, jambo alilolitamani kwangu miaka yote, na nikajua hana siku nyingi. Nikasema nakwenda kufikiri. Nikakusanya kete haraka asije akautazama ubao mara ya pili akaona.

Na kurudi nisingeweza. Ningerudi nicheze nini? Mimi naweza kumdanganya mwenye ng'ombe kuhusu ng'ombe wake na akashukuru, lakini Castory angeniangalia usoni angejua. Mara moja nilipanda gari nikafika mpaka stendi ya Korogwe, nikanywa chai, nikageuza. Kwa hiyo nilimwacha angoje. Nilihesabu kwamba kungoja akiwa ameshinda ni afadhali kuliko kufa akijua amekosea. Huenda nilihesabu vibaya. Mimi ndiye niliyehesabu.

Pale kaburini nilisema sare kwa sababu ilikuwa kweli, na mtani ndiye mtu pekee anayeweza kusema kweli mbele ya maiti watu wakacheka wakaenda zao. Nilitaka iwe imesemwa, nisibaki nayo peke yangu. Jogoo wako sikumpokea kwa sababu ningempokea ningewajibika kurudisha sanduku, na nilitaka kitu chake kikae kwangu. Nilimpenda baba yako.

Ulipoandika matusi yako nikayapokea. Nikakurudisha nyuma mwendo mmoja ili ushinde kile alichokikosa, nikasema acha mtoto anifunge, apoe, nizikwe na siri hii. Mwaka mzima nimekaa kimya unaniita muuaji. Nilikuwa naweza kuendelea.

Lakini umetaka nionje alichokionja Castory. Sasa onja na chako. Kila ukimkumbuka baba yako anacheka kitandani na uji wako mkononi, ujue alikuwa anachekelea kosa lake.

Sufiani Mdoe


Manundu, Korogwe
19 Mei 2025

Mzee Mdoe,

Barua yako niliisomea dukani, mteja amesimama na kitambaa begani. Nikamwambia arudi siku nyingine. Nikapanga vizibo, nikasogeza mfalme f7, nikatafuta. Nilitafuta mpaka Emiliana akaja kuniuliza kama nimepoteza sindano sakafuni. Hakuna upenyo. Ni sare.

Nilikuwa tayari kukuita mwongo. Kalamu ilikuwa mkononi. Halafu nikakumbuka nilichomuuliza baba siku ile. Nilimuuliza, "Umempiga cheki?" Akasema, "Hapana, haikuwa na haja, hana pa kwenda." Mimi huyu, ninayejua sheria zote, nikamwambia hongera, nikamshika kichwa nikamlisha uji. Kama ningefikiri kidogo tu ningejua siku hiyo hiyo. Nilichekelea naye.

Mpe pole Mama Zamda. Nitamwandikia peke yake nikipata maneno.

Wewe sijui nikwambie nini. Ulimfanyia baba jambo ambalo mimi nisingelifikiria, ukalibeba kimya mwaka mzima, na kwa hilo nakushukuru nikiwa nalia. Kisha ukalichukua jambo lile lile ukanipiga nalo. Na nilistahili. Lakini kustahili hakuniondolei uchungu. Nilikuwa na baba anayecheka, ndiyo picha pekee nzuri niliyotoka nayo wodini, na sasa siwezi kuitazama bila kuhesabu vyumba. Ungeweza kunificha kama ulivyomficha yeye. Hilo sikusamehe, na wewe usinisamehe miezi uliyoinua shingo.

Farasi c6. Chekimeti.

Haya, nimekufunga, kwa askofu na farasi, barabara kabisa, bila mashine. Sina wa kumpelekea habari. Mchezo wa baba ulishakwisha kabla sijakaa kwenye kiti chake, na huu niliokushinda nilikuwa naucheza peke yangu. Kete kaa nazo. Hale usije, hakuna mtu wa kumwambia kitu, na wakiniuliza nitawaambia ilikuwa sare kama mtani alivyotangaza.

Barua zako nyingine zote nimezitia kwenye jiko la mkaa. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyotaka kuanza nayo, nikaishika juu ya moto, nikashindwa. Baba hakuacha wosia wala hakusema neno la kuaga. Kitu cha mwisho alichokifanya kwa mkono wake hapa duniani ni kusogeza mfalme f7, na hakijaandikwa mahali pengine popote. Nimeikunja nimeiweka kwenye droo ya cherehani. Ni mwendo mbaya, lakini ni wake.

Stefania Castory